Kumchagulia mama kituo cha uuguzi wa wazee: jibu kwa msomaji wa Minnesota

Msomaji wetu anayeishi Minneapolis ameuliza hivi: "Mama yangu, mwenye umri wa miaka 78, amepata kiharusi na upande wake wa kulia umepooza. Hospitali imenipa orodha ya vituo vitano vya kutunzia wazee na kunitaka nichague kimoja ndani ya siku mbili. Vyote vina picha nzuri, na viwili vina nyota nne. Mimi na mume wangu tunafanya kazi, na kwa hali aliyo nayo sasa hatuwezi kumhudumia nyumbani. Nitajuaje kwamba mahali ninapompeleka ni salama na kwamba atatunzwa vizuri?"

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Najua kwamba juu ya mzigo wa ugonjwa wenyewe unabeba pia maneno ya ndugu walio nyumbani, ambao wengi wao husikia "nyumba ya wazee" na kudhani kwamba mzazi ametupwa. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja, ambaye pengine anahitaji watu wawili kumnyanyua kitandani na mtaalamu wa kumfundisha upya kumeza na kutembea, hajatupwa anapopelekwa mahali penye watu hao. Swali lako la usalama ndilo swali sahihi, na linajibika, kwa sababu Marekani ni miongoni mwa nchi ambazo kumbukumbu za ukaguzi wa vituo hivi zimewekwa wazi kwa kila mtu kuzisoma.

Nianze na hizo siku mbili. Hospitali ina haki ya kutaka kitanda chake, lakini mama yako naye ana haki zake. Mgonjwa wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya shirikisho kwa wazee, anapolazwa hupewa karatasi ya haki zake ya kutia saini, na ndani yake mna namba ya simu ya shirika huru linalopitia maamuzi ya kumruhusu mgonjwa atoke. Ukiona kwamba hali yake bado haijatulia, unaweza kukata rufaa kabla ya siku ya kuondoka kwisha, na hatadaiwa gharama za kuendelea kulazwa wakati uamuzi ukisubiriwa, isipokuwa zile za kawaida za kuchangia. Rufaa hiyo ni kwa ajili ya mgonjwa ambaye kweli hajawa tayari kutoka, kwa hiyo usiitumie kwa jambo lingine. Hata bila rufaa, mwambie mhudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali kwamba unahitaji muda wa kuvitembelea vituo, na umtake akupe takwimu za ubora za kila kituo kilichomo katika orodha yake, kwa kuwa kanuni za shirikisho zinaitaka hospitali ikusaidie kwa takwimu hizo na iheshimu chaguo lako. Muulize pia jambo moja ambalo familia nyingi hulijua wakati ankara imekwisha fika: je, mama aliandikishwa kama mgonjwa aliyelazwa, au alikuwa "chini ya uangalizi"? Medicare ya kawaida (ile ya serikali yenyewe, si mpango wa kampuni binafsi) hulipia kituo cha uuguzi baada ya siku tatu za kulazwa rasmi, na usiku aliolala hospitali chini ya uangalizi tu hauhesabiwi.

Sasa kuhusu nyota. Katika tovuti ya Medicare, sehemu iitwayo Care Compare, kila kituo kina nyota kuanzia moja hadi tano, utaratibu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2008. Nyota ya jumla hujengwa juu ya mambo matatu: matokeo ya ukaguzi wa afya, idadi ya wauguzi, na vipimo vya ubora kama vile idadi ya wakazi wanaoanguka au kupata vidonda. Mambo hayo hayana uzito sawa wa ushahidi. Vipimo vya ubora kwa sehemu kubwa hutokana na taarifa zinazojazwa na kituo chenyewe, kwa hiyo kituo chenye nyota tano katika vipimo hivyo na nyota mbili katika ukaguzi kinapaswa kukutia shaka. Nyota za ukaguzi nazo hutolewa kwa kulinganisha vituo vya jimbo moja: asilimia 10 ya juu hupata tano, na asilimia 20 ya chini hupata moja. Maana yake ni kwamba nyota nne zinakuambia kituo hicho kimewapita wenzake wengi wa Minnesota. Hazikuambii kwamba mama yako atageuzwa kitandani saa tisa za usiku.

Kwa hiyo bonyeza uingie ndani zaidi, usome ripoti ya ukaguzi yenyewe, iliyo katika fomu namba 2567. Wakaguzi wa jimbo hufika bila taarifa, na hawapaswi kupitisha miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Huja pia malalamiko yanapopelekwa. Kila kasoro wanayoiandika hupewa herufi kuanzia A hadi L. Herufi nyingi utakazokuta ni D, E na F, yaani kasoro ambazo zingeweza kuleta madhara. G, H na I maana yake ni kwamba mkazi ameumia kweli, na J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha au afya. Usikitupe kituo kwa sababu tu kina kasoro, kwani karibu vyote vinazo. Soma maelezo ya kilichotokea, kisha utazame kama kasoro ileile imejirudia mwaka uliofuata. Kituo kilichoandikwa mara moja kwa jokofu lenye joto lisilofaa hakilingani na kile ambacho kwa ukaguzi wa mara ya pili mfululizo kimeandikwa kwa kuwaacha watu wakiwa wamelowa mkojo kwa saa nyingi. Ukiona pia alama nyekundu yenye mkono, ujue kwamba kituo hicho kiliandikwa kwa unyanyasaji wa wakazi. Mimi kituo chenye alama hiyo ningekiondoa kwenye orodha bila mjadala, madhali bado una vingine vya kuchagua.

Jimbo lako lina faida ambayo majimbo mengi hayana. Tangu mwaka 2006 Minnesota imekuwa ikitoa kadi yake ya alama za vituo hivi, ambayo ndani yake mna majibu ya wakazi wenyewe waliohojiwa kuhusu maisha yao pale: chakula, heshima, faragha, uhusiano na wahudumu. Isome sambamba na ile ya shirikisho. Mahali ambapo kadi hizo mbili zinapishana sana ndipo penye swali la kumuuliza mkurugenzi wa uuguzi.

Jambo ambalo ningekusihi ulipe uzito kuliko yote ni idadi ya wahudumu na muda waliodumu kazini. Takwimu za wahudumu katika Care Compare hutokana na kumbukumbu za mishahara zinazopelekwa serikalini kila robo mwaka, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuzipamba. Tafuta saa za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Utafiti wa mwaka 2001 ulioandaliwa kwa ajili ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba kwa wakazi wa muda mrefu madhara yanayoweza kuepukika huongezeka pale saa hizo zinaposhuka chini ya 4.1, ambapo 2.8 kati yake ni za wauguzi wasaidizi, wale ambao jamii yetu inawaita CNA. Tangu mwaka 2022 tovuti inaonyesha pia saa za Jumamosi na Jumapili peke yake, pamoja na asilimia ya wahudumu walioacha kazi ndani ya mwaka. Linganisha saa za wikendi na za siku za kazi. Zikiporomoka sana, kituo hicho kina sura mbili, na utakayoonyeshwa siku ya ziara ni ile ya Jumanne asubuhi.

Nasisitiza hili kwa sababu madhara makubwa katika vituo hivi mara chache hutokana na ukatili. Hutokana na muuguzi msaidizi mmoja kuachiwa wakazi wengi kuliko mikono yake. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anahitaji kubadilishwa upande takriban kila baada ya saa mbili, visigino vikiwa vimeinuliwa visiguse godoro. Kwa uzembe wa usiku michache anaweza kupata kidonda cha makalio kitakachochukua miezi kupona, au kisipone kabisa. Anayelishwa kwa haraka hupaliwa, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu. Anayebonyeza kengele asijibiwe hujaribu kwenda msalani peke yake, akaanguka na kuvunjika nyonga. Ukifuatilia hayo yote hadi mzizi wake, utakuta swali moja: nani alikuwa zamu, na alikuwa na watu wangapi?

Muulize basi msimamizi, kwa namba, wakazi wangapi wanahudumiwa na muuguzi msaidizi mmoja asubuhi, jioni na usiku katika ile sehemu atakayolala mama. Kwa maoni yangu, mmoja kwa wanane asubuhi ni hali njema, na mmoja kwa ishirini jioni, saa za kulisha na kulaza, ni hatari kwa mtu mwenye hali ya mama yako. Uliza vilevile kama usiku kuna muuguzi aliyesajiliwa jengoni, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamtaka awepo kwa saa nane mfululizo tu kwa siku, na saa zinazobaki zinaweza kushikwa na wauguzi wa ngazi ya chini. Uliza ni mara ngapi kwa wiki wanachukua wahudumu wa kukodi kutoka kwa mawakala. Mgeni wa siku moja, hata awe hodari namna gani, hajui kwamba mama huyu hukunja uso anapoumia mkono na hasemi. Majibu utakayopewa yalinganishe na karatasi ambayo kituo kinalazimika kuibandika kila siku mahali pa wazi, yenye idadi ya wauguzi waliopo kwa kila zamu. Ripoti ya ukaguzi ya karibuni nayo inapaswa kuwa mahali ambapo mgeni anaweza kuichukua na kuisoma bila kuomba.

Nenda mara mbili ukiweza. Ziara ya kwanza iwe ya kupangwa, na ya pili iwe bila taarifa, saa ya chakula cha jioni au Jumamosi. Usitazame sana chandelia za sebule ya mbele. Fika mwisho wa korido ya mbali kuliko zote. Hesabu taa za wito zilizowaka juu ya milango na uangalie zinazimwa baada ya muda gani, na anayezizima anamhudumia mgonjwa au anazima na kuondoka. Harufu ya choo mahali pamoja asubuhi ni jambo la kawaida, lakini harufu iliyotanda korido nzima jioni ni ushahidi. Angalia maji ya kunywa yako karibu na mkono wa mgonjwa au yako kwenye kabati asipoweza kuyafikia. Angalia kucha, midomo iliyokauka, na kama wanaolishwa wanalishwa na mtu aliyeketi akizungumza nao au aliyesimama akitazama simu. Katika vituo vya Minnesota, kama vile vya Texas au Ohio, si ajabu kumkuta muuguzi msaidizi anayezungumza Kiswahili. Usimtie mashakani kwa kumuuliza siri za wakazi, ambazo sheria inamkataza kuzitoa. Muulize tu amefanya kazi hapo muda gani, na kama mara nyingi huombwa kuunganisha zamu mbili. Wapo wengi wa kwetu wanaofanya kazi hii kwa moyo mkubwa huku wakiwa wamechoka kupita kiasi, na uchovu wao ni sehemu ya usalama wa mama yako.

Kwa kuwa mama ana kiharusi, kuna maswali ambayo mzee mwingine asingeyahitaji. Mazoezi ya viungo yatakuwa siku ngapi kwa wiki, na je, kuna mtu wikendi? Nani atapima uwezo wake wa kumeza, na ndani ya muda gani? Hili la kumeza lina uhusiano na sisi moja kwa moja, kwa sababu kila familia itakuja na uji, ndizi za kupika au pilau kwa upendo wote, na maji ya kawaida tu yanaweza kumpalia mgonjwa ambaye ameandikiwa vinywaji vizito. Mtaalamu wa kumeza aulizwe kwanza uji uwe mzito kiasi gani na ugali ulainishwe vipi, kisha maelekezo yaandikwe ukutani. Kuhusu lugha, kituo kinachopokea fedha za serikali ya shirikisho kinapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na simu ya ukalimani wa Kiswahili inapatikana. Mjukuu asigeuzwe mkalimani wa mambo ya ugonjwa. Na kama mama anasitiri mwili wake kwa wanaume, omba mapema aogeshwe na mwanamke na liandikwe kwenye mpango wake.

Uliza juu ya dawa za magonjwa ya akili za kundi liitwalo antipsychotics. Tangu mwaka 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetaka dawa za kundi hilo ziwe na onyo kali kwamba zinaongeza vifo kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, na hata hivyo hutolewa mahali ambapo mgonjwa anayepiga kelele anasumbua zamu yenye watu wachache. Mama, au wewe kwa niaba yake, mna haki ya kuelezwa kila dawa mpya na kuikataa.

Kuhusu moto na majanga nitasema machache. Vinyunyizio vya maji vya dari vimekuwa lazima kwa vituo vyote tangu Agosti 2013, kwa hiyo uliza zaidi juu ya umeme. Mwaka 2017 huko Hollywood, Florida, baada ya kimbunga Irma kukata umeme wa mitambo ya ubaridi katika kituo kimoja, vifo vya wazee 12 vilihusishwa na joto la ndani ya jengo, ilhali hospitali ilikuwa jirani kabisa. Kwenu tishio ni baridi: jenereta inaendesha mitambo ya kupasha joto, au taa tu?

Kisha inakuja mikataba, na hapa naomba uwe macho, kwa sababu utaletewa rundo la karatasi siku ambayo umechoka kuliko siku zote. Kituo hakiruhusiwi na sheria ya shirikisho kumtaka mtoto wa mgonjwa awe mdhamini wa deni kwa fedha zake mwenyewe kama sharti la kumpokea mzazi. Maneno "mhusika mwenye wajibu" yaliyo kando ya mstari wa saini yanaweza kukuingiza humo bila kujua. Tia saini ukiandika kwamba unasaini kama mwakilishi wa mama, kwa fedha zake mama. Karatasi ya usuluhishi, ile inayoondoa haki ya kwenda mahakamani, si sharti la kupokelewa pia, na hata ukishaisaini una siku 30 za kuitengua. Medicare ya kawaida hulipa kwa ukamilifu siku 20 za kwanza, kisha kwa kuchangia hadi siku ya 100, ilimradi bado anahitaji huduma ya kitaalamu. Uliza leo, kabla ya siku hizo kwisha, kama kitanda chake kimesajiliwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo Minnesota huiita Medical Assistance. Na mtu akikupendekezea makazi ya usaidizi (assisted living) kwa kuwa ni nafuu au yanapendeza zaidi, ujue kwamba hayo hayamo katika mfumo wa nyota za shirikisho, na kwa mtu anayehitaji kunyanyuliwa na watu wawili kwa kawaida hayafai.

Akishahamia, kazi ya kupima usalama inaendelea kwa njia nyingine. Ndani ya saa 48 kituo kinapaswa kuwa na mpango wa awali wa huduma yake, na baadaye mkutano wa mpango kamili ambao una haki ya kuhudhuria. Hudhuria, hata kwa simu. Tembelea kwa saa zisizotabirika, mpime uzito wake kwa kuuliza namba kila wiki, na umtazame mgongo na visigino kwa macho yako mwenyewe. Tambua pia kwamba mama zetu wamelelewa kutolalamika mbele ya wageni. Muuguzi akimuuliza hali atajibu "nzuri, mwanangu", na wewe ukimuuliza atajibu "salama", hata kama amekaa na nepi iliyolowa tangu alfajiri. Muulize maswali ambayo "salama" si jibu lake: jana usiku nani alikuja kukugeuza? Chai uliletewa ikiwa moto? Ulipobonyeza kengele, ulisubiri kwa muda wa rakaa ngapi, au nyimbo ngapi za redio? Kama kusema ni kugumu baada ya kiharusi, mpe njia ya kuitikia kwa mkono. Sheria ya Minnesota iliyoanza Januari 2020 inaruhusu pia kamera chumbani, kwa fomu maalumu na kwa ridhaa yake na ya anayeishi naye chumba kimoja.

Likitokea jambo, anza na msimamizi wa zamu na mkurugenzi wa uuguzi, kwa maandishi yenye tarehe na saa. Usiporidhika, mpigie ombudsmani wa huduma za muda mrefu, ofisi iliyopo katika kila jimbo, isiyotoza chochote na inayofanya kazi kwa upande wa mkazi; namba yake lazima iwe imebandikwa kituoni. Dalili za kupigwa, kutelekezwa au kuibiwa zipelekwe mara moja katika kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za unyanyasaji wa watu wazima, MAARC. Kulipiza kisasi kwa mkazi aliyelalamika ni kosa kisheria, na kituo hakiwezi kumwondoa bila sababu zinazotambulika na, kwa kawaida, taarifa ya siku 30 inayoweza kukatiwa rufaa.

Kwa siku mbili ulizonazo, fanya hivi: usiku huu soma ripoti za ukaguzi na saa za wikendi za vituo vyote vitano, ubakishe viwili, kesho jioni vitembelee vyote viwili wakati wa chakula, na vikikaribiana kwa ubora, chagua kilicho karibu zaidi na njia yako ya kwenda kazini, hata kama kingine kina nyota moja zaidi, kwa sababu utaweza kupita kwa mama mara nyingi, na wahudumu wataijua sura yako.